Siku za Mwisho za Malton

Kibaha, Jumamosi, 1 Machi 2025

Wapo walioanza kufunga Ramadhani leo. Sisi nyumbani tunaanza kesho. Nimefungua steshenari asubuhi, nikafagia, nikawasha mashine ya kudurufu ipate moto, na kabla mteja wa kwanza hajaingia nikafungua kivinjari, nikaingia Malton.

Malton ni mji wa mazombi. Umo ndani ya gemu la Urban Dead, ambalo Mwingereza mmoja, Kevan Davis, alilifungua tarehe 3 Julai 2005 na tangu hapo analiendesha mwenyewe. Mji una mitaa 100, kila mtaa una viwanja 100, na kila kiwanja kina chake: hospitali, kituo cha polisi, kanisa, duka kubwa, makaburi, uwanja mtupu. Hakuna picha zinazotembea wala milio ya risasi. Ni maandishi na vitufe, pamoja na ramani ndogo ya miraba tisa inayokuonyesha ulipo na kinachokuzunguka. Ukibonyeza, ukurasa unafunguka upya, unasoma kilichotokea.

Nililikuta gemu hili mwaka 2008 kwenye intaneti kafe pale Maili Moja. Mkongo wa SEACOM ulikuwa haujawashwa. Uliwashwa Julai 2009. Kurasa zenye picha nyingi zilikuwa zinavutika polepole huku muda uliolipia unakwisha. Ukurasa wa Urban Dead ulikuwa mwepesi, ulifunguka hata siku ambazo barua pepe iligoma. Nikaingia, na kwa vipindi tofauti vya maisha yangu nimekuwa nikirudi.

Mchezaji anakuwa na hatua zisizozidi 50. Kila tendo lina gharama yake: kutembea, kupekua kabati, kupiga, kujenga. Hatua moja inarudi kila nusu saa. Ukizimaliza huna la kufanya ila kufunga ukurasa na kwenda kwenye shughuli zako. Kwa hiyo kazi haiumii. Asubuhi natumia nilizonazo, mchana nadurufu vyeti na kuwajazia vijana fomu za ajira na za mikopo ya chuo, jioni nachungulia tena.

Yanayotokea katikati hayamo mikononi mwangu. Mwili wangu wa Malton unabaki nilipouacha, umelala ndani ya jengo, na kinga yake ni vizuizi ambavyo watu wengine wameviegemeza mlangoni: kabati, meza, mabomba. Hilo ndilo lililonishika tangu mwanzo. Ukilala Malton, unalindwa na watu usiowajua.

Jumatatu, 3 Machi

Baada ya daku sikurudi kulala. Nimefungua kwa simu nikakuta nimekufa.

Taarifa ilikuwa imepangwa mstari kwa mstari. Zombi alivunja kizuizi cha mwisho, akaingia, akaguna. Mguno wa zombi aliyeona watu unasikika viwanja kadhaa, na wenzake wanaufuata. Waliokuwa macho walitoka mbio. Tuliolala tuliliwa.

Kufa kule hakufuti jina lako. Aliyekufa anasimama tena, naye ni zombi. Aliyeko nyuma ya kioo ni mtu yuleyule, na orodha ya marafiki zake haijabadilika. Kinachomtoka ni mikono na ulimi. Bastola hawezi kuitumia, dawa hawezi kuitumia, na kusema hawezi. Akishapata uzoefu wa kutosha anaweza kujifunza stadi ya kunena, na hapo anapewa herufi nane tu: a, b, g, h, m, n, r na z. Wachezaji wa Kiingereza wameunda lugha nzima kutokana na herufi hizo. Mimi nimejaribu Kiswahili nikapata mama, baba, hamna, hama na, la kushangaza kuliko yote, mganga.

Sasa nimesimama makaburini. Kila mtaa una sehemu yake, mara nyingi makaburi, ambako mazombi wanaotaka kurudi kuwa watu husimama na kungoja. Gemu lenyewe halikuweka sheria hiyo. Wachezaji ndio walioipanga, wakaandikiana, ikawa desturi. Anayengoja hapaswi kumrukia mtu. Anayekuja na sindano ya kufufulia anajua kwamba hao waliosimama wanaweza kumrarua, na waliosimama wanajua kwamba yule anayekuja huenda ameshika bunduki. Hawana mdhamini wala mkataba. Hata hivyo foleni ipo, na inasonga.

Nimeandika "mganga". Sidhani kama yupo aliyeelewa.

Jumatano, 5 Machi

Wateja wa leo wengi wamepita na alama ya majivu kwenye paji la uso. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeongozana, na mtaa mzima una utulivu wa watu wanaojizuia. Mvua imepiga asubuhi, kisha jua likatoka kali.

Nimefufuliwa.

Nataka niandike gharama ya jambo hili, maana mtu asiyecheza ataona ni kubonyeza tu. Kumchoma mtu sindano kunakula hatua 10 za mchomaji, na hatua 10 ni saa tano za kungoja. Sindano yenyewe unaitafuta kwenye majengo ya kampuni ya kubuni iitwayo NecroTech, na unaweza kupekua mpaka hatua zikaisha usiipate. Njia nyingine ni kuitengeneza humo ndani kwa hatua 20, mradi jengo liwe na jenereta na jenereta iwe na mafuta, ambayo nayo mtu fulani aliyabeba kutoka mtaa mwingine. Atakayetengeneza sindano na kuichoma ametoa hatua 30 kati ya 50. Amebakiwa na kidogo cha kutafutia pa kulala kabla giza halijamkuta nje. Na yote hayo amemfanyia mtu ambaye hatamlipa na ambaye kesho anaweza kufa tena.

Jina la aliyenichoma nimeliona kwenye taarifa. Sijawahi kukutana naye. Nilipofungua alikuwa ameshaondoka, na makaburini walibaki wengine wamesimama.

Kuna watu katika gemu hili wasiopiga hata risasi moja. Wanazunguka na masanduku ya huduma ya kwanza, wanafunga majeraha ya waliolala, wanaondoka. Wapo wengine ambao kazi yao ni kutia mafuta majenereta. Ni kweli wapo pia wauaji wa makusudi, na upande wa pili lipo kundi la mazombi la mtaa wa Ridleybank ambalo kwa miaka limeutangaza mtaa huo kuwa nchi yao na hawataki kufufuliwa hata kidogo. Nawaheshimu hao pia, maana wameyachagua maisha yao. Ila mji umesimama kwa sababu ya wale wa mafuta na sindano.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna tangazo. Urban Dead inafungwa tarehe 14 mwezi huu, saa sita mchana kwa saa za kimataifa. Kwetu itakuwa saa tisa alasiri.

Davis ameeleza sababu bila kuzunguka. Uingereza ina Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023, na mwezi huu masharti yake yanaanza kutekelezwa. Kila tovuti ambako watumiaji wanakutana na kuandikiana inatakiwa kuweka utaratibu wa kuwakinga na maudhui haramu na yenye madhara. Faini ya juu ni pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya dunia nzima, ile iliyo kubwa zaidi. Mtu mmoja anayeendesha gemu la maandishi hawezi kuubeba mzigo huo, hata kama hajafanya kosa lolote. Amepiga hesabu: tangu kufunguliwa mpaka kufungwa itakuwa miaka 19, miezi 8 na siku 11. Hakuna fainali iliyoandaliwa wala ukombozi wa mwisho. Kila mtu amalizie pale alipo.

Nimeisoma mara mbili nikiwa dukani, mashine inadurufu.

Sikatai sababu ya sheria hiyo. Watoto wanaumizwa mtandaoni, na anayeendesha duka lenye kompyuta anayajua mambo ambayo mtoto anaweza kukutana nayo akiachwa peke yake dakika kumi. Tatizo ni kwamba sheria imeandikwa kwa ajili ya makampuni yenye jengo zima la wanasheria, ikamkuta mtu aliyekaa na kompyuta yake nyumbani. Sisi hilo tunalifahamu. Kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni na ada, na walioendesha blogu ndogo kwa mapenzi tu wengi wao walifunga, huku wenye fedha wakilipa na kuendelea. Sheria ya kumlinda mdogo isiyomtengea mdogo mlango wa kupitia inamwachia mkubwa uwanja peke yake. Hayo ndiyo maoni yangu, na leo nayaandika kwa uchungu.

Masaki, Kisarawe, Jumapili, 9 Machi

Nimefika kwa bibi jana jioni. Mbezi, Kinyerezi, Gongo la Mboto, Pugu, kisha Kisarawe mjini, na kutoka hapo bodaboda. Njia ina tope, mikorosho imejaa majani, mihogo imenyweshwa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja na futari au umekuja na njaa?"

Nilileta tende na sukari. Tumefuturu kwa uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na kunde. Baada ya tarawehe tulikaa barazani, akaniuliza mbona uso umepooza. Nikamweleza habari za Malton tangu mwanzo: mji, waliokufa wakasimama, foleni ya makaburini, na kwamba Ijumaa unafungwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sasa hao si misukule?"

Nikamwambia aseme yeye anavyojua. Akasema kama wanavyosema wazee wa huku. Mtu anakufa mbele za watu, analiliwa, anazikwa, kumbe kilichozikwa ni mgomba na mwenyewe amechukuliwa. Ulimi wake umekatwa asiweze kutaja alikotoka. Mchana anafichwa, usiku analimishwa shamba la aliyemchukua, na chakula chake ni pumba.

"Na wanakula watu, bibi?"

"Wale nini? Wao ndio wanaoliwa nguvu zao."

Kisha akanisimulia habari ambayo nilikuwa naisikia vipande vipande tangu utotoni. Kijana mmoja wa kijijini alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Habari zake zikakatika, miaka ikapita, mwishowe ndugu wakaanua matanga bila maiti. Siku moja akaonekana njiani, nguo zimechanika, hasemi, hamtambui hata mama yake. Kijiji kikajaa. Watu wakasema ni msukule aliyetoroka, na neno hilo lilipokwisha kutamkwa likafuata swali la nani alimfuga. Macho yakaanza kumgeukia mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akiishi peke yake.

Bibi anasema aliogopa kwa ajili ya yule mzee kuliko kwa ajili ya kijana. Na aliogopa kwa haki. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni walizowapikia watoto maisha yao yote.

Akafanya alichokiweza. Alichukua uji akampelekea kijana, akamwita kwa jina lake la utotoni, na kila asubuhi akarudi na uji na jina lilelile. Kaka wa kijana akauza mbuzi, akampeleka hospitali. Daktari akasema ni maradhi ya akili na yana dawa. Haikuwa kazi ya wiki moja. Siku aliyotamka neno la kwanza alimwita mama yake. Sasa ana mke na shamba la mihogo. Yule mzee alikufa kwa umri, kitandani kwake, akazikwa kwa heshima.

Bibi anaamini misukule ipo. Mimi siamini. Hatukubishana juu ya hilo, maana juu ya uji na jina tulikuwa upande mmoja.

Kibaha, Jumatatu, 10 Machi, usiku

Nimerudi. Kwenye gari la kutoka Kisarawe nilipata dirisha, nikautazama msitu wa Pugu. Ndani ya vilima hivyo yako mahandaki yaliyochimbwa kufuata udongo mweupe wa kaolini, na siku hizi wenyeji wake ni popo, wanaotoka kwa maelfu jua likizama. Nikawa nafikiria maneno ya bibi: wao ndio wanaoliwa.

Usiku huu nimetoa daftari langu la zamani la mambo niliyosoma juu ya zombi, na maneno ya bibi yameyapanga upya.

Zombi wa kwanza ni wa Haiti, iliyokuwa koloni la Wafaransa lililotajirika kwa miwa iliyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika, mpaka walipoasi mwaka 1791 na kujipatia uhuru tarehe 1 Januari 1804. Hofu ya watu wale haikuwa kuliwa na maiti. Walihofia kwamba hata kifo kisingewatoa shambani. Kwamba mtu angeweza kuinuliwa kaburini akarudishwa kwenye miwa, bila akili na bila malipo. Mmarekani William Seabrook aliipeleka habari hiyo kwa wasomaji wa Kiingereza mwaka 1929, na filamu ya White Zombie ikafuata mwaka 1932 ikiwaonyesha zombi wakisukuma kinu cha miwa. Mpaka hapo bado ni mtumwa. Bado ni wa bibi.

Aliyembadilisha ni George Romero, mwaka 1968, kwa filamu ya Night of the Living Dead. Humo hata neno zombi halitumiki. Waliokufa wanasimama kwa wingi, hawana bwana, wanakula watu, na dawa yao ni risasi ya kichwa. Mwaka 1978 akawaweka kwenye duka kubwa la Monroeville, Pennsylvania, na tangu hapo magemu mengi yamefuata njia hiyo. Aliyekufa si ndugu wa mtu tena. Ni shabaha.

Lakini katika daftari langu yumo pia mwanamke mmoja. Mwaka 1936 alionekana Haiti akizurura, na familia moja ikasema ni ndugu yao Felicia Felix-Mentor, aliyekufa na kuzikwa mwaka 1907. Akawekwa hospitali. Mwandishi Zora Neale Hurston alimpiga picha humo, akamweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1938, na dunia ikamjua kama zombi aliyepigwa picha. Mwaka 1945 Daktari Louis Mars, Mhaiti, mtaalamu wa maradhi ya akili, akaandika aliyoyaona. Familia ilimtambua kwa kuchechemea, ikidai Felicia aliwahi kuvunjika mguu. Picha ya eksirei haikuonyesha mvunjiko. Alikuwa mtu mwingine, mgonjwa wa akili, asiyejulikana kwao.

Nimemfikiria mama huyo na kijana wa Masaki kwa pamoja. Mmoja alipewa jina la mtu mwingine, akabaki nalo. Mwingine aliitwa kwa jina lake, akarudi.

Sasa naona kwa nini Urban Dead imenikaa moyoni kuliko magemu mengine ya mazombi. Ilichukua sura ya Romero, maduka makubwa na risasi na yote, lakini ikaacha sindano. Kila zombi ana jina, na kila mmoja anaweza kurudishwa na mtu aliyekubali kutoa hatua zake.

Jumatano, 12 Machi

Mtoto wa kaka amepita dukani akitoka shule. Nilimwonyesha tangazo. Akasoma, akanyamaza, kisha akauliza: "Shangazi, kwani sisi hatuwezi kutengeneza letu?"

Tumetumia karatasi zilizoharibika kwenye mashine, upande wa pili. Amechora miraba. Maili Moja ni soko na stendi. Tumbi ni hospitali. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza na msaada wa nchi za Nordiki mwaka 1963, ndipo penye maktaba na maarifa. Mlandizi kuna mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959, na anayeushika mtambo ameshika maji ya watu wengi mpaka Dar es Salaam. Kusini-mashariki ni vilima vya Pugu, penye mahandaki na popo. Kusini ni mashamba ya Kisarawe, ambako usiku panalimwa na hakuna anayejua nani analima.

Hapo tukabishana. Yeye alitaka bunduki. Nikamweleza habari za bibi. Akafikiri, akafuta, akaandika kanuni mpya kwa mwandiko wake mbaya:

Msukule hali watu. Anafanya kazi.

Bwana wake haonekani kwenye ramani.

Kumrudisha kunahitaji jina lake, na jina linatafutwa kwa kuwauliza wazee.

Hatua za kumrudisha ni nyingi kuliko alizonazo mchezaji mmoja. Lazima zichangwe, kama mchango wa msiba.

Anayemsingizia jirani bila ushahidi anapoteza hatua zote za siku.

Kanuni hiyo ya mwisho ni yake mwenyewe, sikumwambia. Nimefurahi nayo sana.

Tukazungumza pia namna ya kulijenga. Nilimwambia kuhusu Flash. Magemu mengi ya kivinjari ya enzi yangu, kama The Last Stand la mwaka 2007, yalijengwa juu ya programu hiyo ya Adobe. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia, na Januari iliyofuata ikayazuia yasichezeke humo. Mengine yameokolewa na watu wa kujitolea wanaotengeneza Ruffle, programu inayoyasoma upya. Urban Dead haikuguswa na msiba huo, maana ilikuwa kurasa za kawaida ambazo kivinjari chochote kinazisoma. Kwa hiyo tujenge kwa kurasa za kawaida: nyepesi, zifunguke kwenye simu ndogo na bando la mwisho wa mwezi. Kisha tuongeze jambo ambalo Malton haukuwa nalo: mitambo na maandishi yake yakae kwa zaidi ya mtu mmoja, katika zaidi ya nchi moja, ili siku mlango mmoja ukifungwa watu wapite mwingine.

Amebeba karatasi zote. Amesema mwalimu wao wa kompyuta ataziangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeswali Ijumaa, nikarudi dukani. Wateja walikuwa wawili, mmoja wa barua ya serikali ya mtaa, mwingine wa picha za pasipoti. Saa nane na nusu nikawa peke yangu.

Nilikuwa na hatua za kutosha. Nimetia mafuta jenereta la jengo, kwa sababu taa zilikuwa zinakaribia kuzima. Nimekagua vizuizi nikaviongeza. Wengine ndani walikuwa wanaandika: mmoja anaaga kikundi chake, mwingine anataja mwaka alioanza, mwingine anauliza kama yupo anayemkumbuka mtu fulani wa 2006. Niliandika kwa Kiswahili: "Ahsanteni kwa kunilinda nilipolala. Kibaha, Tanzania." Kuna aliyejibu kwamba hakuelewa ila anashukuru. Nje, kwa mujibu wa ramani, mazombi walikuwa wamesimama, wala hawakushambulia. Sijui walikuwa watu wangapi nyuma ya miili ile. Nawashukuru nao.

Saa tisa ilipofika niliomba ukurasa, gemu halikurudi.

Jumamosi, 15 Machi

Hukumu yangu juu ya Urban Dead ni hii: lilikuwa gemu jema. Lilimpa kila mtu nguvu kidogo, sawa na mwenzake, tajiri wa London na mwanafunzi wa Maili Moja wakingojea nusu saa ileile. Likawaacha wenyewe waamue watazitumia kuua, kula au kurudishana. Kwa karibu miaka 20 watu wa nchi nyingi waliamua, mchana na usiku, kumrudisha mtu wasiyemjua. Kevan Davis anastahili shukrani, na anastahili sheria iliyo bora kuliko ile.

Mtoto wa kaka ameniuliza asubuhi kama tuendelee. Tunaendelea. Na kwa kijana yeyote wa Kibaha, Kisarawe au kwingineko anayejifunza kutengeneza magemu, namwomba jambo moja: ukiwaweka misukule ndani ya gemu lako, weka na njia ya kuwarudisha nyumbani. Usiifanye bunduki kuwa jibu la kwanza kwa mtu aliyepoteza ulimi.

Na nje ya gemu, ombi ni hilohilo, tena lenye uzito zaidi. Akitokea mtu njiani hasemi wala hajitambui, usiite watu waje kumtazama, wala usimtafute mzee wa kumtwika lawama. Mpe uji, muulizie jina lake, na mpelekeni hospitali. Maradhi ya akili yanatibika.